Ziwa Tanganyika: Kilo Peke Yake Haitoshi



Uvuvi wa Ziwa Tanganyika ni mali ya taifa, na mali ya taifa huhesabiwa. Hakuna ghala la jeshi lisilo na daftari, wala kituo cha polisi kisicho na kitabu cha vitu vilivyomo. Lakini hesabu ni za namna mbili. Iko hesabu inayosema kweli, na iko hesabu inayoficha hasara huku ikionyesha faida. Mazungumzo haya yanaeleza jinsi hesabu ya samaki inavyoweza kudanganya, kwa nini udanganyifu huo ni wa hatari katika ziwa lenye samaki wa aina nyingi, na kwa nini jambo hilo linamhusu askari anayelinda maji, mpaka na soko.

Katika mtaa wa Carama, kaskazini ya jiji la Bujumbura, wanaishi watumishi, mafundi, wachuuzi na familia za askari. Samaki hufika huko kwa kichwa, kwa baiskeli na kwa gari, baada ya kupita katika mikono ya watu wengi. Mama anayenunua kikombe cha ndagala wakavu kwa ajili ya watoto wake haulizi wavu uliowavua ulikuwa na matundu ya ukubwa gani. Anauliza bei. Bei ikipanda, kikombe hupunguzwa. Ikipanda tena, ndagala huachwa na sahani hubaki na maharagwe peke yake. Kwa hiyo kanuni za uvuvi, ambazo wengi hudhani ni shauri la wavuvi na maofisa wao, huishia katika sahani ya mtoto wa Carama. Wataalamu wamekadiria kwamba samaki wa ziwa hili huwapatia watu wa kanda nzima kati ya asilimia 25 na 40 ya protini itokanayo na wanyama. Chakula cha kiasi hicho kikipungua, hakuna mfuko wa serikali unaoweza kukirudisha kwa siku moja.

Ili jambo hili lifahamike, yafaa kwanza kulijua ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake kinafikia kiasi cha mita 1,470. Maji yake yamegawanywa kwa mipaka ya nchi nne: Kongo ina asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Ndani yake mna mamia ya aina za samaki, na nyingi kati ya hizo hazipatikani mahali pengine popote duniani. Hata hivyo, uvuvi wa biashara mbali na ufuko unategemea aina sita tu.

Aina mbili ni samaki wadogo: ndagala, ambao upande wa Kigoma huitwa dagaa, na lumbu, ambao ni wakubwa kidogo kuliko ndagala. Aina nne ni samaki walao wenzao. Wa kwanza ni mukeke, anayejulikana Kigoma kwa jina la mgebuka. Watatu waliobaki ni samaki wakubwa wa jamii ya sangala. Hao wakubwa huwala wadogo, na mvuvi huwavua wote.

Samaki hawa sita hawafanani katika maisha yao, na hapo ndipo ilipo shina la tatizo. Ndagala ni mdogo, kwa kawaida hapiti sentimita 10, na huanza kuzaa kabla hajatimiza mwaka mmoja. Vizazi vyake hupishana upesi kama mazao ya bustani: yakichumwa leo, baada ya miezi michache mengine yamekua. Mukeke huhitaji miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa. Sangala wakubwa hukua polepole zaidi, na watoto wao hulelewa karibu na ufuko, katikati ya majani ya majini. Watoto wa lumbu nao hukaa karibu na nchi kavu. Basi samaki mmoja ni kama mchicha, na mwingine ni kama mti wa mbao. Mwenye shamba hawezi kuvikata vyote viwili kwa ratiba moja, kisha akashangaa kwamba mchicha ungalipo na miti imekwisha.

Lakini ziwani mambo ndiyo hayo. Usiku wa giza taa huwashwa, samaki wadogo huifuata, wakubwa huwafuata wadogo, na wavu mmoja huwapandisha wote kwa pamoja. Wavu wenye matundu makubwa yanayomwachia mtoto wa mukeke humwachia pia kila ndagala, na mvuvi hurudi mtupu. Wavu wenye matundu madogo yanayomzuia ndagala humzuia pia mtoto wa mukeke. Hakuna tundu moja linalowafaa wote. Kwa sababu hiyo, kusimamia uvuvi wa samaki wa aina nyingi ni kazi ngumu kuliko kusimamia uvuvi wa aina moja, na kuupima usimamizi huo kunahitaji hesabu yenye macho zaidi ya mawili.

Chukua mfano wa kuwazia. Mwalo mmoja uliandika katika mwaka wa kwanza tani 100 za samaki: ndagala tani 60, mukeke tani 30, sangala tani 10. Baada ya miaka kumi mwalo huo uliandika tena tani 100: ndagala tani 90, mukeke tani 9, sangala tani 1. Ofisa anayesoma jumla peke yake ataandika katika taarifa yake kwamba hali ni njema na hakuna kilichopungua. Kumbe mukeke wamepungua hata chini ya theluthi, na sangala wamebaki sehemu moja ya kumi. Tena ikiwa mitumbwi katika muda huo iliongezeka mara mbili, basi kila mtumbwi sasa unapata nusu ya ulichokuwa ukipata. Daftari linasema tani 100 na tani 100. Lakini ziwa limebadilika, na mvuvi amekuwa maskini.

Askari atafahamu jambo hili kwa wepesi. Batalioni inaweza kutoa taarifa ya watu 600 waliohudhuria gwaride, na idadi ikawa sahihi. Lakini kama katika hao 600 hakuna waganga, hakuna madereva na hakuna mafundi wa redio, batalioni hiyo haiwezi kwenda vitani. Kamanda mwenye akili hahesabu vichwa tu. Huhesabu kila kikosi na kazi yake. Ziwa nalo lina vikosi vyake.

Mambo haya yamekwisha kuonekana kwa macho. Upande wa kusini wa ziwa, katika maji ya Zambia, vyombo vya uvuvi wa kiwanda vilianza kazi mwaka 1962. Vilitumia nyavu kubwa za kuzungushia kundi la samaki, zinazofungwa chini kama mfuko. Katika muda wa miaka michache sangala wakubwa watatu walipungua vibaya katika nyavu hizo, na uvuvi ukabaki kumtegemea mukeke. Vyombo viliendelea kufanya kazi, samaki waliendelea kuuzwa, na mtu aliyetazama kilo tu hakuona mara moja kwamba aina tatu zilikuwa zimeondoka katika hesabu.

Burundi nayo ina historia yake. Zamani wavuvi walitumia lusenga, yaani wavu wa mfuko wenye mpini, na moto uliowashwa juu ya mtumbwi. Katika miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki walileta nyavu za kuzungusha na vyombo vya chuma mjini Usumbura, kama Bujumbura ilivyokuwa ikiitwa. Wakati huo taa za karabai zilikuwa zikichukua mahali pa mienge ya moto, na mitumbwi miwili iliyounganishwa pamoja, iitwayo katamarani, ikaanza kutumika ili kuteremsha na kuinua wavu mpana chini ya taa. Katika miaka ya 1970 vyombo vya uvuvi wa kiwanda vya Burundi vilipita ishirini. Baadaye mapato ya kila chombo yalishuka, gharama zikapanda, na wavuvi wa katamarani wakawa wanavua samaki wale wale kwa gharama ndogo zaidi. Kufikia miaka ya 1990 uvuvi huo wa kiwanda ulikuwa umefikia mwisho wake.

Dunia pana inatoa ushahidi huo huo. Katika Ghuba ya Thailand, uvuvi wa nyavu za kukokota chini ya bahari ulienea mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo chombo cha uchunguzi kilipata karibu kilo 300 za samaki kwa saa moja. Katika miaka ya 1980 kiasi hicho kilikuwa kimeshuka hata chini ya kilo 60. Hata hivyo, jumla ya samaki walioletwa bandarini iliendelea kuwa kubwa kwa miaka mingi, kwa sababu vyombo viliongezeka, na kwa sababu mahali pa samaki wakubwa palichukuliwa na ngisi na samaki wadogo wa bei ya chini. Jumla ilikuwa pazia, na nyuma ya pazia bahari ilikuwa ikibadilika.

Je, Ziwa Tanganyika linahesabiwaje? Katikati ya miaka ya 1990 mradi wa utafiti wa nchi nne, ulioendeshwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kwa msaada wa Finland na uliokuwa na makao yake Bujumbura, ulikadiria mavuno ya mwaka kuwa kati ya tani 165,000 na 200,000. Meli yake ya utafiti, Tanganyika Explorer, ilipima makundi ya samaki kwa mawimbi ya sauti. Hesabu ya mwaka 1995 ilionyesha wavuvi wapatao 45,000 katika ziwa zima. Hesabu ya mwaka 2011 ilionyesha wapatao 95,000. Wavuvi waliongezeka maradufu kwa miaka kumi na sita; ziwa halikuongezeka.

Haifai, hata hivyo, kumtwisha mvuvi kila lawama. Maji ya Ziwa Tanganyika hupata oksijeni katika tabaka la juu tu. Mbolea inayolisha vijimea, ambavyo ndio mwanzo wa chakula cha samaki, imelala chini katika vilindi. Upepo wa kusini wa miezi ya Mei hadi Septemba ndio unaoyatikisa maji na kuipandisha sehemu ya mbolea hiyo. Maji ya juu yakizidi joto hukataa kuchanganyika na ya chini, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba joto hilo limepunguza uzalishaji wa ziwa kwa kiasi cha asilimia 20, na kwamba mavuno ya samaki huenda yamepungua kwa kiasi cha asilimia 30. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliosoma mabaki ya samaki katika tope la chini ya ziwa, ulionyesha kwamba upungufu ulianza hata kabla ya uvuvi wa biashara wa siku hizi.

Maana yake si kwamba kanuni za uvuvi hazina kazi. Maana yake ni kinyume cha hayo. Mtu ambaye mshahara wake umepunguzwa hana budi kupunguza matumizi, hata kama si yeye aliyeupunguza. Serikali haiwezi kulipoza ziwa kwa amri. Inaweza kusimamia nyavu.

Basi, usimamizi mwema hupimwaje katika ziwa la samaki wa aina nyingi? Hapana budi kuuliza maswali manne, na kuyajibu yote.

La kwanza: kila aina ya samaki inapatikana kwa kiasi gani kwa mtumbwi mmoja katika usiku mmoja? Si jumla ya mwalo, bali mtumbwi mmoja, usiku mmoja, aina moja moja. Kiasi hicho kikishuka mwaka hadi mwaka, hiyo ni kengele ya hatari, hata kama soko limejaa.

La pili: samaki wanaovuliwa wana urefu gani? Ikiwa mukeke wengi sokoni ni wadogo kuliko umri wa kuzaa, basi kinacholiwa si mavuno bali mbegu. Kipimo hiki hakihitaji maabara. Kinahitaji rula, kalamu na mtu mwaminifu.

La tatu: mitumbwi ni mingapi, taa ni ngapi, na nyavu zinatumika mahali gani? Wavu mdogo wa ndagala unaotumika katikati ya ziwa, mahali penye kina, haudhuru sawasawa na wavu ule ule ukikokotwa ufukoni. Ufuko ndio kitalu. Ndiyo maana kokoro na nyavu zilizoshonwa kwa vyandarua vya mbu ni miongoni mwa zana zinazokatazwa: hukomba watoto wa lumbu na wa sangala kabla hawajafika ziwa kuu. Askari akilifahamu hilo, atajua kwamba kosa si udogo wa samaki peke yake. Ndagala mdogo ndiye ndagala. Kosa kubwa ni mtoto wa samaki mkubwa aliyechanganywa katika fungu la ndagala na kuuzwa kwa jina lisilo lake.

La nne: watu wanaishije kwa kanuni hizo? Kanuni inayowalinda samaki na kuwaacha watu na njaa haidumu, itavunjwa usiku. Na kanuni inayomshika mwenye mtumbwi mmoja na kumwachia mwenye mitumbwi ishirini haiitwi ulinzi. Ni uonevu wenye sare.

Swali hili la nne linawagusa wenye silaha moja kwa moja, na Uganda inatoa somo. Mwaka 2017 serikali ya nchi hiyo ilipeleka wanajeshi katika maziwa ili wakomeshe uvuvi haramu. Serikali ilieleza kwamba sangara wa Ziwa Victoria, wanaouzwa nje kwa fedha nyingi, waliongezeka. Wakati huo huo wavuvi na wabunge walilalamika juu ya vipigo na juu ya mitumbwi iliyochomwa moto. Aidha, njia moja ya kuvua mukene, yaani dagaa wa Victoria, ilipigwa marufuku kwa madai kwamba inawanasa watoto wa sangara. Wanawake waliokuwa wakiishi kwa kukausha na kuuza mukene walipata hasara kubwa. Samaki mmoja, wa kiwandani, alilindwa. Samaki mwingine, wa maskini, akasahauliwa. Operesheni ikipimwa kwa sangara peke yake itaonekana imefaulu. Ikipimwa kwa samaki wote na watu wote, jibu lake ni la pande mbili.

Tena, doria za majini si lango pekee la ulinzi. Nyavu haramu haziotwi na ziwa. Hupita mpakani, hukaa ghalani, huuzwa dukani. Polisi anayekagua shehena barabarani anaweza kuzuia katika saa moja nyavu ambazo askari wa majini angezifukuza kwa mwezi mzima, tena bila kumwaga damu wala kuchoma mtumbwi wa mtu. Na askari yeyote, wa majini au wa nchi kavu, anayepokea kapu la samaki ili afumbe macho, ajue kwamba anakula kutoka katika chungu cha watoto wake mwenyewe. Rushwa ya pesa huibia hazina. Rushwa ya samaki huibia hazina na ziwa pamoja.

Mwisho, hakuna nchi moja inayoweza kufanya kazi hii peke yake. Uchunguzi wa vinasaba vya ndagala uliochapishwa mwaka 2019 haukuona makundi yaliyotengana: ndagala wa Bujumbura, wa Uvira, wa Kigoma na wa Mpulungu ni jamaa moja. Samaki hana kitambulisho wala hajui mpaka. Ndiyo maana nchi nne zilitia saini mjini Dar es Salaam, tarehe 12 Juni 2003, mkataba wa kulitunza ziwa, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikawekwa na makao yake makuu Bujumbura. Mwezi Desemba 2021 zilikubaliana juu ya hati ya pamoja ya kanuni za uvuvi, pamoja na kulipumzisha ziwa kwa miezi mitatu kila mwaka. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Mvuvi anayekaa bila kazi kwa miezi mitatu anatoa kafara kwa ajili ya wote. Akitoka usiku na kuona taa za watu wengine zikiwaka ng'ambo ya mpaka, kafara hiyo itakuwa bure, na mwaka utakaofuata hatakubali kuitoa.

Kwa hiyo kazi ya kulinda amani ya ziwa na kazi ya kulinda samaki wake ni kazi moja. Ziwa lililopumzishwa lakini halikuhesabiwa halitasema kama pumziko lilifaa. Ziwa lililohesabiwa kwa kilo peke yake litasema uwongo kwa sauti ya kweli. Yahitajika daftari linaloandika ndagala mahali pake, lumbu mahali pake, mukeke mahali pake na sangala mahali pake. Na yahitajika askari anayelijua daftari hilo, anayepima wavu kwa haki, na anayekataa kapu.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba ndiyo inayokitoa kibaba kitupu vilevile, ikiwa hakuna anayetazama ndani yake.